Wewe Mtoto wa Nani?

Klaudia, muuza dawa wa Muleba, alikuwa amefumba macho ndani ya gari la kutoka Bukoba, lakini masikio hayana kope. Mbele yake, mwanamke mwenye mtoto mapajani alikuwa akimnong'oneza jirani yake, mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi miguuni. Mnong'ono wenyewe dereva pia aliusikia.

“Kondomu ilipasuka jana. Natafuta vile vidonge vya dharura, maana huyu hata hajasimama dede.”

“Na pale duka la dawa la kwenu Kanazi vimekwisha?”

“Vipo. Nimetoka hapo na dawa ya mafua.”

“Waitu! Una mume wa ndoa, unaficha nini?”

“Mama, pale hakuna anayekuuliza shida yako. Wanaanza na wewe ni mtoto wa nani, umeolewa kwa nani. Ukishataja ukoo mzima, utatajaje kondomu? Mama mkwe angejua kabla sijafika nyumbani.”

“Kuuliza ukoo ni heshima, binti yangu. Ndivyo tulivyolelewa.”

“Heshima hiyo ndiyo imenipandisha gari.”

Klaudia akazidi kufumba macho.

Gari liliposimama Muleba, mama wa ndizi alishuka bado anabisha. Yule mwenye mtoto akamgeukia Klaudia. “Shikamoo mama. Duka la dawa liko wapi hapa?”

“Marahaba,” akajibu Klaudia, ufunguo mkononi, na swali analomuuliza kila mteja likiwa tayari ulimini. Akalimeza, likapita kwa taabu kama kidonge bila maji.

“Nifuate.”