Dada Kipimo Anastaafu, Kitanda Changu Bado Kiko Sebuleni

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili katika shirika letu la umeme, Dada Kipimo anastaafu. Yote anayoyajua kuhusu nyaya kubwa nilimfundisha mimi, dereva wake. Haya, si yote. Nilimfundisha kufunga mlango wa gari letu, ule unaotaka kusukumwa kwa nyonga.

Alianza kama msoma mita, akapanda hadi kuongoza kitengo cha usalama. Kisha watu wakaanza kusema kwamba nyaya za msongo mkubwa zinaleta saratani. Magazeti yakabishana, redio zikabishana, kinyozi wangu akawa daktari bingwa. Yeye akapewa kifaa cha kupima nguvu ya sumaku inayotoka kwenye nyaya, na jina la Kipimo likamganda.

Siku ya mkutano na wakazi kuhusu nyaya hizo, ukumbi wa shule ulifurika. Meneja alikuwa amempa Dada Kipimo karatasi ya kusoma: hakuna hatari hata chembe. Kabla hajafungua kinywa nikasimama mimi, bila kuombwa, nikajipiga kifua kwamba nimeshinda chini ya nyaya hizo maisha yangu yote ya kazi, nitazameni. Wakanitazama: upara, mgongo uliopinda, meno ya kuhesabu. Sauti ikatoka nyuma kwamba hicho hasa ndicho wanachokiogopa. Ukumbi mzima ukashika mbavu.

Mshonaji mmoja hakucheka. Nyumba yake ilikuwa karibu na mnara wa nyaya, mwanawe alikuwa amelazwa kwa saratani ya damu, na majirani walikuwa wakimnyooshea kidole. Akauliza kama ni yeye aliyemponza mtoto kwa kujenga pale.

Dada Kipimo aliikunja karatasi ya meneja akaitia mfukoni.

"Mama, wataalamu wenyewe bado wanabishana, na sitakudanganya kwamba wamemaliza. Lakini hakuna mtu humu, wala mimi na kifaa changu, anayeweza kusema wewe ndiye uliyemletea mwanao ugonjwa. Kesho nakuja kupima, na nitakachokiona mimi utakiona na wewe."

Alikwenda kweli. Meneja alinuna muda mrefu, lakini mtaa mzima ukaanza kumfungulia milango. Mtoto alipona baadaye, na Dada Kipimo akakataa katakata shirika lijisifie kwa hilo. Gauni alilovaa leo limeshonwa na mama yule.

Dada, kwa niaba yetu sote uliotuvumilia, asante sana. Kapumzike, ulale mpaka jua likuchoke, na wajukuu wakusumbue kwa zamu.

Ila kabla hujarudisha kifaa stoo, nina dai langu. Uliahidi kwamba nikikubebea betri zake na mimi utanipimia nyumbani. Betri nilizibeba. Tangu mkutano ule nimehamisha kitanda changu kutoka chumbani hadi sebuleni, mbali na ukuta wenye mita, na mke wangu amechoka kuona wageni wakikalia mto wangu.