Dakika Arobaini za Bi Sindano

Jumatano, tarehe kumi na nne mwezi wa tano, wasikilizaji wapendwa. Siku hiyo ndipo mambo yalipoharibika. Leo tunamkumbuka Bi Sindano, fundi cherehani wa mji wetu mdogo wenye uwanja mdogo wa ndege.

Wengi mlimfahamu. Hata ule mfuko wa rangi ya machungwa unaoonyesha upepo pale uwanjani, aliushona yeye. Mumewe anafanya kazi hapo hapo. Ndege ikitaka kutua au kuruka, kengele inagongwa, naye anakimbia na fimbo kufukuza mbuzi. Bi Sindano hakumpa nafasi ya kupumua.

"Baba watoto, umeajiriwa kufukuza mbuzi, na mbuzi wenyewe wanakuzidi mbio!"

"Mbuzi hawana mke wa kuwachosha," naye alizoea kumjibu.

Jumatano hiyo tumbo likamshika. Daktari akasema utumbo umejisokota, apasuliwe siku hiyo hiyo, na hapa hakuna wa kumpasua. Hospitali kubwa iko kwenye mji wa uwanja mwingine. Angani ni kilomita mia mbili na kumi. Kwa gari unazunguka milima yote. Shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa: kwa ndege dakika arobaini, kwa gari siku nzima.

Na ndege ilikuwepo. Fundi wa ndege alifungua viti vitatu vya nyuma ili machela iingie. Bi Sindano akalazwa kivulini, jasho likimtoka, mdomo bado uko kazini. "Leo na mimi napanda. Baki na mbuzi wako."

Simu ikalia ofisini. Meneja wa uwanja akatoka, hamtazami mtu usoni. "Rudisheni viti. Kuna wakubwa watatu wanakuja."

"Bosi, huyu ni mgonjwa," mume akasema.

"Mzee, mimi naambiwa tu."

Viti vikarudishwa. Wakubwa wakangojwa. Hawakutokea. Mume akaomba viti vifunguliwe tena. Akaambiwa mpaka ruhusa itoke juu, na huko juu simu haikupokelewa. Rubani akasema mawingu yanajaa milimani, anaondoka.

Kengele ikagongwa. Miaka yote hiyo, kengele ikilia, miguu ya yule bwana inatangulia kabla ya akili. Akakimbia. Akafukuza mbuzi, kama kawaida. Alipogeuka, ndege ilikuwa imeshanyanyuka na viti vitatu vitupu.

Bi Sindano alipakiwa kwenye gari. Alifia njiani, kichwa kikiwa mapajani mwa mumewe, milima bado haijaisha.

Dada wa marehemu ametuambia: "Watu wanamsema shemeji, eti angewaacha wale mbuzi waizuie ndege. Jamani, mbuzi hawakupiga simu!"

Bwana huyo ametufungulia mlango, hakutukaribisha kukaa. "Sikusoma," alisema. "Lakini waliosoma ndio waliorudisha viti."

Tunampa pole yeye, watoto na dada wa marehemu. Mungu awashike mkono. Nawe msikilizaji mwenye cheo, hata kama ni kidogo, kabla hujanyanyua simu, jiulize ni nani amelala kivulini akingoja.

Mpaka leo meneja anasema aulizwe wa juu. Wa juu anasema aulizwe meneja. Mgane huyu anauliza jambo moja tu: wale wakubwa watatu walikuwa akina nani, na Jumatano ile walikuwa wapi?