Punda Aliyepewa Heshima

Benta, jirani yake Zeinab, aliapa kwamba mwaka jana mama mmoja wa ngumbaru, darasa la watu wazima, alianguka CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa kusahau neno moja tu la Kiingereza, "the". Benta mwenyewe hajawahi kufanya mtihani wowote, lakini alisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyesahihisha.

Zeinab alikitaka cheti hicho ili apokewe kwenye mafunzo ya uuguzi, kwa hivyo hakubahatisha. Katika insha yake ya Kiingereza ya mazoezi aliweka "the" mbele ya kila kitu. Ndani ya basi la kutoka Moi's Bridge, mzee aliyeketi kando yake, mwalimu mstaafu kwa jina Lazarus, alichungulia daftari akacheka.

"Mama, hata punda umempa 'the'? Na ndio mara ya kwanza tunamwona! Huyu ni 'a donkey'."

"Mzee, kwetu hatuiti mtu mzima jina tupu. Nikaona hiyo 'the' ni adabu."

"Kumbe! Na huyu mwenye punda ni 'the Ondiek', kama chifu!"

Abiria wa nyuma wakacheka. Zeinab hakucheka. Alimfuta punda kwa raba, akamwandika upya.

"Mtihani ni Jumatatu, na nimeanguka mara mbili. Cheka tu, Mzee, lakini nisahihishie."

Mzee akaanza kusahihisha; walipofika ukurasa wa pili, basi likasimama Eldoret. Mzee akavaa kofia yake.

"Bado kurasa nne, Mzee. Kesho utapita dukani kwa Mahamud, hapo karibu na stendi, unisahihishie zilizobaki?"

Watu walisukumana mlangoni. Zeinab alishika daftari likiwa wazi, akamtazama usoni, akangoja.