Kahawa Isiyotaka Sukari

Nyuma ya stendi ya Karatu, nje ya gereji ya Wilibrodi, kuna benchi la mbao lisilokosa watu asubuhi. Wilibrodi wanamwita Injini, na birika la kahawa pale ni kazi ya mikono yake: aliyeyusha vyuma chakavu, akaongezea risasi ya betri mbovu za magari ili liwe zito, mbwa wasije wakalipindua. Kahawa yake ina utamu wake wenyewe, haitaki sukari, na wenye kijiwe wanaringa nayo hadi Rhotia. Kornelio, dereva wa watalii, hujaza kahawa kwenye chupa ya chai pale kila siku ampelekee mkewe Ritha, maana tangu ashike mimba tumbo lake halikubali kitu kingine asubuhi. Siku hiyo ukungu wa msituni ulikuwa umelala barabarani, na habari ilikuwa moja tu: mbuzi wa kijiwe, yule mla machicha ya kahawa. Walimchinja Jumapili, wakakuta ini lina rangi ambayo hakuna aliyelijua jina lake. Mbwa walilinusa, wakarudi nyuma mikia chini.

— Dawa za vitunguu hizo, alisema Injini. Upepo umezileta kutoka mashamba ya Eyasi.

— Wapi! alidakia Fabian, anayeitwa Profesa kwa kuwa aliwahi kufagia chuo. Kreta ile ya volkano inapumua, kaka. Alfajiri inashusha pumzi, ukungu unabeba, mbuzi anavuta. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu linaingiaje kwenye ini?

— Polepole. Haba na haba. Na mimi nasema usiku lile ini lilikuwa linatoka, linakwenda kunywa maji kreta, linarudi kabla hakujakucha. Ndiyo maana mbuzi alikuwa anaamka amechoka.

Kornelio alicheka, ila woga ulikuwa umeshamwingia. Akamgeukia Olais, mlinzi kutoka Kakesio, ambaye kama marehemu baba yake husoma matumbo ya mbuzi: mvua, safari, msiba.

— Mzee, wewe ulilishika. Lilisema nini?

Olais aliweka kikombe chini.

— Nimesoma maini tangu sijawa morani. Hili lina maneno yake yote, hakuna lililofutika. Lakini kuna mwingine alikuwa analisoma kabla yangu. Analisoma vibaya.

— Nani?

— Yumo humo humo ndani.

— Usitutishe bwana, alisema Profesa, ila miguu aliipandisha juu ya benchi.

Ndipo akatokea Judith, binti wa maabara ya mifugo aliyechukua kipande cha lile ini akakipime.

— Shikamooni wazee. Majibu yametoka. Ni risasi, ile ya kwenye betri, sumu yenye utamu.

— Marahaba, alisema Profesa. Yaani sumu imeliunguza?

— Afadhali ingekuwa hivyo tu. Kila chembe ya ini huzaliwa na maagizo yake: fanya hili, acha lile. Risasi inaweza kuyaacha maagizo kama yalivyo, ikavuruga usomaji. Agizo la kunyamaza linasomwa kwa sauti, la kusafisha damu linarukwa. Na ini linaendelea kufanya kazi, likidhani linatii.

Olais alijifunga shuka lake vizuri. Kornelio aliikumbatia chupa yake.

— Na mwenye mimba je, dada?

— Risasi inapita kwa mama, inafika kwa mtoto.

Judith aliwatazama mmoja mmoja.

— Sasa wazee, mbuzi wenu alikuwa anakula nini ambacho mbuzi wengine hawali?

Profesa alitema kahawa chini taratibu. Mara simu ya Kornelio ikaita, akaipokea, na sauti ya Ritha ikasikika benchi zima, imejaa furaha:

— Uko wapi wewe? Mtoto ameshaanza kupiga teke. Anaijua saa ya kahawa yake.

Kornelio alitaka kusema kahawa imekwisha. Lakini Injini, macho yakiwa kwa Judith, mkono wake ulikuwa umeshainua birika kwa mazoea, unamjazia chupa.