Shamba la Ghorofa ya Nne

Kwenye kona moja ya mtaa wa Komarock, Nairobi, kuna benchi la mbao za kreti, na hapo ukikosa kahawa hukosi maoni. Mutunga, karani wa stoo ya misumari, siku hizi wanamwita Waziri, yaani wa Kilimo, maana analima kwenye balkoni yake, ghorofa ya nne. Ijumaa hiyo jioni Waziri alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. Mama yake angefika kesho kutoka kijijini Mwingi.

— Niaje, Waziri! Mavuno? aliuliza Profesa, muuza mitumba wa soko la Gikomba. Shule aliiachia darasa la saba, lakini hakuna kitu hajui.

— Mavuno gani! Sukuma wiki zimekauka. Dhania zimebaki mbili. Na mathe anakuja kuona shamba.

Jacky, mwenye kahawa, akaacha kumimina.

— Shamba? Ulimwambia uko na shamba?

— Nilimwambia tu kwa simu, mama, siku hizi nalima. Hakuuliza wapi. Jumapili akasimama kanisani akashukuru Mungu, eti kijana wake amenunua shamba Nairobi. Nikipiga nimweleze ni mitungi mitatu ya plastiki nimekata nikajaza udongo, anaanza kuniombea. Sasa utamkatiza mama akiomba?

Hata Jacky alikubali kwamba hilo haliwezekani.

— Shida ni maji, akasema Injinia, fundi wa bomba ambaye mfereji wa kwake unavuja tangu Krismasi. Maji ya hii estate iko na dawa. Mboga ikiyanywa inaharisha.

— Zii! Shida ni sifa, Profesa akadakia. Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Umewahi kusifu hizo sukuma? Zisifu, zitajitia maji zenyewe.

— Niongee na sukuma?

— Pole pole. Uko na majirani.

— Ama ni ule mnara wa simu, Injinia akaonyesha kwa kidole. Mmea ukishika network unasahau kukua. Angalia watoto wetu.

Mutunga alijua huo ni upuzi mtupu. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, akasogea karibu.

— Sasa nifanye nini?

— Kesho asubuhi, akasema Profesa, tunanunua sukuma kwa mama mboga, zile ziko na shina, tunazidunga kwa mitungi.

— Atashika moja ing'oke!

— Nitazifunga na waya, Injinia akaahidi.

— Alafu, Profesa akaendelea, kuna shamba la kulala na shamba la kusimama. Lako limesimama. Ukihesabu ghorofa zote nne, hiyo ni ekari, buda!

— Na akiuliza jembe?

— Mchagua jembe si mkulima! Mwambie wewe unalimia kijiko.

Wakacheka. Mutunga naye akacheka, mara ya kwanza wiki nzima, na moyo ukaanza kutulia.

— Hodi hapa, wanangu.

Alikuwa mama mmoja mfupi, leso mbili, kiondo mgongoni, na begani jembe lililofungwa gazeti. Mutunga alisimama ghafla, kahawa yote ikamwagikia suruali.

— Mama! Si ulisema kesho?

— Msimu wa mvua umeanza, mwanangu, ningengoja kesho ya nini? Nimekuletea jembe la marehemu baba yako. Nimelitia mpini mpya. Na hizi kunde na ndengu ni mbegu wamechanga akina mama wa kanisa. Nimewaambia nitakaa mwezi mzima, nikusaidie kupalilia.

Akawapa mkono mmoja mmoja, akawabariki. Halafu akatazama ghorofa upande huu, akatazama ghorofa upande ule.

— Jua bado lipo. Shamba liko upande gani, tuanze?

Profesa alimwangalia Injinia. Injinia aliangalia viatu vyake. Jacky aliinamisha birika, halikutoa hata tone.

Mutunga alipokea jembe, masikio yakimchoma kwa aibu. Mpini ulikuwa wa mti mzito, umepigwa msasa vizuri, na katika Komarock nzima Mutunga hakuona pa kulima na jembe hilo.