Mgongo wa Mkono Ukutani

Wapendwa mliofika kumsindikiza, historia hii imeandikwa na mume wa marehemu, na anayewasomea ni kijana wao, ambaye baba yake amemwomba asome yote hadi mwisho bila kuruka mstari.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne na binti pekee wa fundi umeme na mshonaji wa sare za shule. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara, kuanzia 1973 hadi 1979, kisha akaenda chuo cha ufundi, alikohitimu Novemba 1983 katika fani ya rangi na lipu. Lakini somo lililomkaa zaidi alilipata kwa baba yake, aliyemfundisha kuupima ukuta kwa mgongo wa mkono, kwa sababu kiganja kikipigwa na umeme hujifumba na kung'ang'ania, ilhali mgongo wa mkono hujiondoa wenyewe.

Januari 1985 aliajiriwa na wakala wa nyumba za kupanga, akaifanya kazi hiyo hadi Oktoba 2019. Mpangaji akihama leo, yeye aliingia kesho na ndoo, msasa na brashi, akaziba mashimo ya misumari, akabadilisha mipira ya mabomba, akakaza bawaba, akakipaka chumba rangi hadi kikaonekana hakijawahi kukaliwa na mtu. Kilichomtia simanzi ni alama za penseli ambazo wazazi huchora kwenye fremu za milango kupima urefu wa watoto, maana hizo nazo ilimbidi azifute, na kabla ya kuzifuta alizisoma moja moja kutoka chini kwenda juu, akisema peke yake, "Haya, huyu karefuka ghafla." Na kabla ya kuchovya brashi alipita kila ukuta akiugusa kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyompima mtoto homa, ndipo wapangaji wakamwita Daktari wa Kuta, na watundu miongoni mwao wakamuuliza kama ukuta wao utapona.

Mumewe alikutana naye Agosti 1989, alipokuja kupaka rangi chumba ambacho yeye, wakati huo mhadhiri msaidizi, alikuwa amekaa katikati yake na vitabu vyake, akakataa kuhama. Marehemu hakubishana naye, alimfunika kwa gazeti, akapaka kumzunguka, na alipomaliza akamwambia, "Asante, Kabati." Walifunga ndoa tarehe 22 Septemba 1990, na kwa miaka yote iliyofuata hakumwita mumewe kwa jina jingine, hata mbele ya mkuu wa chuo. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1992, ambaye sasa ni muuguzi, na kijana aliyezaliwa 1995, ambaye ndiye mnayemsikia, na mjukuu mmoja wa miezi saba.

Mwaka 2014 alipelekwa kwenye jengo la ghorofa tatu lenye ngazi ya nje, ambalo wengi mlioketi hapa mnaishi humo, kufuta doa la rangi ya chai lililokuwa juu ya soketi katika chumba cha ghorofa ya pili. Alilifuta, na mwaka uliofuata lilirudi, akalifuta tena, likarudi likiwa pana zaidi, na safari hii ukuta wenyewe ulikuwa vuguvugu. Aligundua kwamba waya uliolazwa humo zamani kwa ajili ya taa tu ulikuwa sasa unabeba majiko na friji za vyumba vyote vilivyogawanywa baadaye. Swichi kuu ilikuwa ikijikata kila jioni watu wanapopika, na wapangaji walipolalamika, wakala aliweka nyingine kubwa isiyokatika, akalifunga sanduku la swichi hiyo kwa kufuli. Oktoba 2019 marehemu aliweka brashi chini, akakataa kulipaka doa lile kwa mara ya tatu, na wakala akamjibu, "Mama, wewe umeajiriwa kupaka, si kutabiri." Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kazini, na doa lilifutwa na mtu mwingine.

Februari 2022 kijana wao alipanga chumba hichohicho, kwa kuwa kilikuwa karibu na kazi yake na kilipendeza macho. Mama yake aliugusa ukuta, akamsihi ahame. Kijana alicheka, akasema, "Mama, hilo ni joto la jua tu," naye akamuuliza, "Jua gani linaufikia ukuta ulio kati ya chumba na choo, mwanangu?" Hakuhama, na mjukuu wetu alipozaliwa, kitanda chake kiliwekwa kando ya ukuta huo, kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine.

Aprili mwaka huu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, na madaktari wakaona kwamba moyo wake umechoka. Alilazwa tarehe 3 Juni. Wodini aliugusa ukuta ulio kando ya kitanda chake, muuguzi akamtania, "Huo hauna homa, bibi," akacheka naye, kisha akamgeukia mumewe, akasema, "Kabati, ule mwingine unao." Alifariki tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi.

Aya hii imeongezwa leo. Asubuhi mume wa marehemu alipita kwenye jengo lile, ambako majirani wema wamewasha majiko yote kwa ajili ya chakula cha waombolezaji, akaweka mgongo wa mkono ukutani, juu ya kitanda cha mtoto, na kwa joto hakuweza kuuacha pale. Aliomba majiko yazimwe, akaambiwa, "Mzee, pole, nenda ukapumzike." Ndiyo maana binti yao hamumwoni hapa, amekaa chini ya ngazi ya jengo lile na ndoo za mchanga wa kuzimia moto, na historia ya mama yake ataisoma baadaye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliobeba jeneza, wahadhiri, na majirani, hasa wanaopika muda huu, ambao tunawaomba ndugu zao wawapigie simu sasa hivi wazime majiko na watoke nje, sisi tutakula mkate. Tunamshukuru pia wakala, aliyeketi safu ya tatu, kwa shada zuri la maua, na tunamwomba ampe kijana huyu ufunguo wa lile sanduku la swichi, akaukate umeme, kabla hatujanyanyua jeneza. Mama yake alingoja miaka mitano, anaweza kungoja kidogo tena.

Ukishafika huo ufunguo, mke wangu, ndipo nawe upumzike kwa amani.