Tikiti la Mama Mkwe

Katika basi la kurudi mjini Bari kutoka ufukweni sote tulinuka chumvi, isipokuwa mama mmoja mbele yangu.

"Siku nzima sijagusa maji," alimlalamikia jirani yake wa kiti, asiyemjua. "Mama mkwe anasema ukishakula, usubiri masaa matatu ndiyo uogelee. Yakikaribia kuisha, ananiletea kipande cha tikiti maji. Tunaanza upya."

"Si ungekataa, dada?"

"Kwani wewe umeolewa kweli?"

Jirani aliizungusha pete yake ya ndoa kidoleni. "Basi kesho kataa," alisema hatimaye.

"Kesho narudi kazini. Likizo ndiyo imeisha hivyo."

Basi liliposimama, bibi aliyesinzia kiti cha mbele yao aliamka, akageuka na bakuli la tikiti. "Ornella, mwanangu, kimebaki kimoja."

Ornella akakila, pamoja na mbegu.